SR-22 Texas: kianzio kidogo, kulipa kwa mkupuo, au bima ya asiye na gari?

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa Houston na Dallas kuna swali linalorudi kila baada ya muda: "Jamani, nani anamjua wakala wa bima asiyetaka kianzio? Leseni yangu inafunguliwa, ila wanadai SR-22." Majibu humiminika, kila mtu na wakala wake, kila mmoja na bei yake. Wanaouliza kama muulizaji ana gari ni wachache sana. Ajabu, maana jibu la hilo ndilo linaloweza kupunguza gharama kwa zaidi ya nusu, na hakuna wakala wa kianzio kidogo atakayekufikisha huko.

Nalinganisha hapa kwa sheria za Texas tu. Kila jimbo la Marekani lina lake, na bei ya binamu yako wa Ohio haikusaidii kitu.

Tuanze na SR-22 yenyewe, kwa ufupi. Hiyo si bima. Ni cheti ambacho kampuni ya bima inakituma kwa Idara ya Usalama wa Umma ya Texas, ile inayoitwa DPS, kuthibitisha kwamba una bima na kwamba ikikatika watajulishwa. Kampuni hutoza ada ya kukituma, mara nyingi kati ya dola 15 na 50, na hapo karatasi imekwisha. Kinachouma ni bei ya bima iliyo nyuma yake, kwa sababu mtu anayedaiwa SR-22 amekwisha kuingia kwenye kundi la madereva wa hatari: alitiwa hatiani kwa kuendesha amelewa, au aliendesha leseni ikiwa imefungiwa, au alikutwa bila bima zaidi ya mara moja, au alisababisha ajali, mahakama ikamwamuru alipe na hajalipa.

Habari njema ni kwamba SR-22 haikulazimishi kukata bima kubwa. Inatosha kile kima cha chini cha Texas, ambacho kwa kifupi huandikwa 30/60/25: dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, dola 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na dola 25,000 kwa mali uliyoharibu. Yaani bima ndogo, ya kumlipa uliyemgonga. Muda wake ni miaka 2, na miaka hiyo huhesabiwa tangu tarehe ya hukumu. Hivyo kama ulikaa mwaka mzima bila kuendesha baada ya hukumu, ule mwaka ulishaanza kuhesabika. Kabla ya kukata chochote, ingia kwenye ukurasa wa Texas.gov wa kuangalia hali ya leseni, weka namba ya leseni, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu 4 za mwisho za Social Security, usome DPS wanadai nini hasa na hadi lini. Wapo wanaonunua SR-22 wakati muda wa kuihitaji umeshapita.

Sasa pesa za siku ya kwanza. DPS wanataka ada ya kurejesha leseni, dola 100 kwa kesi nyingi. Kama leseni ilifungiwa kwa sababu ulikataa kupimwa pombe au ulipimwa ukazidi, ni dola 125. Juu yake kuna ada ya SR-22, kuna malipo ya kwanza ya bima, na kuna ada ya wakala au ya kufungua mkataba, ambayo hairudishwi hata ukijitoa kesho yake. Aliyeamriwa kufunga kile kifaa cha kupuliza ndipo gari liwake atengee na fundi wa kukifunga, pamoja na kodi yake ya kila mwezi. Na anayeomba ile leseni ya kazi, ambayo jaji anakuruhusu uendeshe kwenda kazini, shuleni na kwenye mambo ya lazima ya nyumbani, atadaiwa SR-22 vilevile, pamoja na dola 10 za leseni kwa mwaka na gharama za mahakama.

Bima ndiyo inayobadilika kulingana na uamuzi wako. Hebu tuweke namba za mfano, za kupigia hesabu tu, usizichukue kama bei ya mtu yeyote. Tuseme bima ndogo ya miezi 6 kwa mwenye gari ni dola 1,200. Ukilipa yote kwa mkupuo unapunguziwa asilimia 10. Ada ya SR-22 ni dola 25, ya mkataba ni dola 50, na kila awamu ya mwezi ina dola 8 za usumbufu. Wakala wa "kianzio kidogo" anataka dola 80 tu za kuanzia, ila bei yake ya miezi 6 ni dola 1,380. Bima ya mtu asiye na gari, yaani dereva wa kuazima au kukodi, tuiweke dola 420 kwa miezi 6.

| Njia | Siku ya kwanza | Kila mwezi (mara 5) | Jumla ya miezi 6 |
|---|---|---|---|
| Mwenye gari, mkupuo | 1,155 | 0 | 1,155 |
| Mwenye gari, awamu za kawaida | 275 | 208 | 1,315 |
| Mwenye gari, kianzio kidogo | 155 | 268 | 1,495 |
| Asiye na gari, awamu | 145 | 78 | 535 |

Za DPS sijaziweka humo, kwa kuwa ni zilezile kwa njia yoyote utakayochagua.

Tazama mstari wa tatu. Kianzio kidogo kimekuokolea dola 120 siku ya kwanza ukilinganisha na awamu za kawaida, halafu kinakudai dola 60 zaidi kila mwezi. Miezi miwili tu na ulichookoa kimekwisha, na bado mitatu. Ndiyo maana mimi huiogopa njia hii kuliko zote, na mbaya zaidi inawavuta walewale ambao mwezi wa pili ndio mgumu kwao: umetoka kulipa wakili, umelipa faini, umekosa zamu kazini kwa sababu hukuwa na usafiri.

Usipolipa, kampuni inakupa taarifa ya siku 10, kisha inafuta bima na kutuma DPS karatasi nyingine inayoitwa SR-26, ya kusema kwamba huyu hana bima tena. Leseni inafungiwa upya. Unarudi kulipa ada ya DPS, unatafuta kampuni mpya, unalipa kianzio kipya na ada mpya ya mkataba, na safari hii rekodi yako inaonyesha kwamba bima yako ilikatika, jambo linalopandisha bei. Ukishikwa unaendesha katikati ya hayo, kuna faini ya kukosa bima, ambayo mara ya kwanza ni kati ya dola 175 na 350 na zinazofuata hufika hadi dola 1,000, achilia mbali kesi ya kuendesha leseni ikiwa imefungiwa. Polisi hana haja ya kukuomba karatasi ili ajue. Texas ina mfumo wa kompyuta unaoitwa TexasSure, na akiingiza namba ya gari anaona kama lina bima.

Matangazo ya "kianzio sifuri" yana maana moja kati ya mbili. Ama malipo ya mwezi wa kwanza ndiyo wameyapa jina lingine, kwa kuwa hakuna kampuni itakayotuma SR-22 yako kabla haijapokea chochote. Au kuna kampuni ya mikopo nyuma yake inayokulipia bima, nawe unailipa kidogo kidogo pamoja na riba. Hiyo ya pili isome karatasi zake taratibu. Ndani yake huwa kuna kipengele kinachoipa kampuni ya mkopo mamlaka ya kuifuta bima yako ukichelewa kulipa, na pesa inayorudi inaenda kwao kwanza.

Na ukiwa mezani kwa wakala, omba uone mchanganuo wa ile pesa ya kuanzia, mstari kwa mstari, kabla hujatoa kadi. Kwenye ofisi ndogo za barabarani mara nyingi utakuta malipo ya bima, ada ya mkataba, ada ya SR-22, halafu chini kabisa uanachama wa klabu ya kuvutiwa gari likiharibika njiani. Huo uanachama ni hiari. Uliza tu kwa upole, "Dada, hii ya mwisho ni ya lazima?" na mara nyingi inafutwa palepale. Mstari wa kuuangalia kwa jicho tofauti ni ule wa PIP, ambayo inakulipia wewe mwenyewe matibabu na mshahara uliopotea baada ya ajali bila kujali kosa ni la nani. Sheria inaitaka kampuni ikupe angalau dola 2,500 za PIP, na kuikataa ni lazima utie saini. Wakala anayetaka kukuonyesha kianzio kidogo atakusogezea ile karatasi ya kukataa pamoja na nyingine, "saini hapa, hapa na hapa." Kama huna bima ya afya, mimi ningeiacha PIP iwepo na kuukataa ule uanachama wa kuvutwa.

Kulipa kwa mkupuo ndiko rahisi kuliko kote kwa mwenye gari, na faida yake kubwa siyo hizo dola 160 za kwenye mfano. Ni kwamba kwa miezi 6 hakuna awamu ya kusahau, hakuna kadi ya benki iliyokataa, hakuna SR-26. Ambaye hana hizo pesa zote asihangaike na kianzio kidogo. Aulize kama kampuni inakubali malipo mawili au matatu badala ya sita. Zipo zinazokubali, na ada za awamu hupungua. Kwetu tuna michezo, vyama, upatu. Kama zamu yako ya kupokea inakaribia, hii ni matumizi bora ya zamu hiyo kuliko nauli ya Desemba.

Sasa mstari wa nne, ambao ndio ninaoutetea.

Bima ya asiye na gari inamfuata dereva. Imetengenezwa kwa mtu ambaye hamiliki gari, anaazima la rafiki mara mojamoja au anakodi, na anahitaji leseni iwe hai. Cheti cha SR-22 kina sehemu ya mwenye gari na sehemu ya dereva tu, na DPS wanaikubali hii ya pili kwa mtu asiye na gari. Kwa kuwa hakuna gari la kulinda na kampuni inadhani huendeshi kila siku, bei hushuka sana. Mawakala wengi hawaitaji mpaka uiulize. Siwezi kuingia mioyoni mwao, ila kamisheni ya mkataba wa dola 420 na ya ule wa 1,380 si sawa.

Basi kama gari lako liliuzwa, lilivutwa na hukwenda kulichukua, au liko kwa jina la mtu mwingine, usikimbilie kununua jingine ndipo ukate bima. Rejesha leseni kwanza kwa njia hii. Kaa nayo miezi 6 au mwaka bila kukatika, kisha nunua gari ukiwa na historia ya kuonyesha. Siku ukinunua, mpigie wakala siku hiyohiyo, kwa sababu bima ya asiye na gari haifuniki gari lenye jina lako.

Inapoharibika ni pale inapokutana na ndoa. Chukua mume na mke wanaoishi Fort Worth. Gari ni la mke, kwa jina lake, na bima ni yake. Mume amepata kesi ya ulevi. Kampuni ya mke inaona jina la mume kwenye anwani ileile na bei inataka kupaa, hivyo wakala anamshauri mke asaini fomu ya kumtoa mume, inayojulikana Texas kwa namba yake, 515A. Mke anasaini, bei inabaki ilivyokuwa. Mume naye anakata bima ya asiye na gari, anapata SR-22 yake, leseni inafunguliwa. Karatasi zote ziko sawa. Jumamosi mke anaumwa, mume anachukua funguo kuwapeleka watoto Chuo, anagonga gari la mtu kwenye taa. Bima ya mke haimlipii kwa sababu ametolewa kwa jina. Bima yake mwenyewe hailipi kwa sababu gari la nyumbani unalolifikia kila siku halihesabiwi kuwa gari la kuazima. Wana mikataba miwili inayolipiwa kila mwezi, na aliyegongwa anawadai wao mfukoni.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kama kuna gari pale unapolala na kuna siku utaligusa, bima ya asiye na gari siyo yako hata kama wakala amekubali kukuuzia. Ingizwa kwenye bima ya mwenzako kama dereva, na muulize wakala wake kama kampuni inatuma SR-22 kwa dereva aliyeorodheshwa. Baadhi zinatuma, nyingine hazitaki. Itakuwa ghali, kweli. Vivyo hivyo kwa mnaokaa wanaume wanne kwenye apatimenti moja na gari moja la pamoja. Na anayetaka kurudi Uber asijidanganye, bima hii haifuniki kubeba abiria kwa malipo.

Mwenye gari la mkopo hana uhuru huu wote. Mkopeshaji anadai bima kubwa mpaka deni liishe, na bima kubwa kwa dereva mwenye SR-22 inaweza kuzidi marejesho ya gari lenyewe. Unachoweza kuchezea ni eksesi, yaani pesa unayoitoa wewe kwanza kabla kampuni haijalipa. Kuipandisha kutoka dola 500 hadi 1,000 hupunguza malipo, lakini angalia kwanza mkataba wa mkopo unaruhusu kiasi gani. Usipokata bima kubwa, mkopeshaji atakukatia bima ya kulazimishwa na kuiongeza kwenye deni. Hiyo inamlinda yeye na gari lake. Haiwalipi uliowagonga, na haitoi SR-22. Nikilipima hili kwa gari la zamani lililobaki na deni dogo, naona afadhali kulimaliza deni au kuliuza gari kuliko kubeba bima kubwa kwa miaka 2.

TAIPA ni kimbilio la mwisho. Ni mpango wa Texas wa kuwagawia makampuni wale ambao hakuna anayewataka. Unaingia ikiwa kampuni mbili au zaidi zimekukataa ndani ya siku 60, kupitia wakala mwenye idhini yake. Unapata bima ndogo ya kima cha chini, PIP na ile ya kugongwa na asiye na bima, basi. Gari lako mwenyewe halimo. Watu wachache wenye SR-22 hufika huko siku hizi, maana kampuni zinazolenga madereva wa hatari zimejaa. Kataliwa na mbili kwanza kwa kweli, siyo kwa kuambiwa na rafiki kwamba utakataliwa.

Sheria inaruhusu pia kuweka amana ya dola 55,000 taslimu serikalini badala ya bima. Mwenye 55,000 za kulala bila kazi hakufika hadi hapa kwenye ukurasa.

Kwenye kutafuta bei, usiamini bei ya simu ambayo mtu amekupa bila namba ya leseni. Rekodi yako ikivutwa, bei inabadilika. Mpe ukweli wote, pamoja na wote wanaoishi kwako wenye leseni, vinginevyo ndani ya siku 60 za mwanzo kampuni inagundua na inapandisha bei au inafuta bima. Texas inaruhusu kampuni kuangalia historia yako ya mikopo, hivyo wawili wenye kesi ileile wanaweza kupewa bei zilizoachana mno. Idara ya Bima ya Texas ina tovuti ya HelpInsure.com ya kulinganisha bei, na kwenye tovuti ya idara yenyewe unaweza kuhakiki leseni ya wakala. Fanya hivyo hasa kwa yule anayekutumia namba ya Zelle (huduma ya kutumiana pesa kwa simu) yenye jina lake binafsi.

Ukihama jimbo ukiwa katikati ya ile miaka 2, deni la SR-22 la Texas unahama nalo. Kuna majimbo yasiyotumia kabisa cheti hiki, Kentucky na Minnesota yakiwemo, na kule tuna ndugu wengi, lakini DPS wa Texas hawalijali hilo. Tafuta kampuni inayofanya kazi katika majimbo yote mawili na iambie kabla ya kufungasha. Ukibadilisha kampuni, hata bila kuhama, mpya ianze kabla ya zamani kufutwa, ziachie siku chache za kupandana, maana pengo la siku moja linatosha kuifikisha SR-26 kwa DPS.

Miaka 2 ikitimia, hakuna atakayekupigia simu. Hakikisha kwenye Texas.gov kwamba dai limeondoka, ndipo umwambie wakala aiondoe SR-22, na siku hiyohiyo omba bei upya kwa kampuni nyingine tatu.